Nani Amekufa Bandani

Asubuhi ile fundi alipofungua mlango wa banda, walitoka tisa. Alisubiri wa kumi, maana yupo mmoja ambaye kila siku hutoka mwisho, kama mtu anayetafuta kiatu cha pili. Hakutoka. Fundi akainama, akachungulia, akamwona kando ya chombo cha maji, kalala ubavu, miguu imenyooka, manyoya meupe yametawanyika kama sufi iliyotoka kwenye mto. Alipomgusa, alikuwa wa baridi tayari.

Jambo la kwanza lililomjia kichwani halikuwa amekufa kwa nini. Lilikuwa: huyu ni nani?

Maana saa kumi jioni, saa ya kuona wagonjwa, mkewe angemuuliza. Na hangeuliza "kuku hawajambo?" kama wanavyouliza watu. Angewaita mmoja mmoja kwa jina, kama alivyoita majina ya wanafunzi kwa miaka thelathini na minne, na kila jina angelitaka na jibu lake.

Mtaa mzima ulimjua fundi kwa jina la Komeo. Kibanda chake cha makufuli kilikuwa pembeni ya duka la dawa, na kazi yake aliiweza hasa. Ukimpa ufunguo uliolika meno, aliupapasa kwa kidole gumba akakwambia kufuli lake ni la aina gani. Mkewe aliitwa Mwalimu na kila mtu, hata yeye mumewe. Yeye naye alimwita Fundi. Binti yao mmoja aliolewa mbali, na sasa alikuwa mjamzito wa miezi saba.

Mwalimu alipostaafu, mwenzake wa kazi aliyekuwa akihama alimwachia jogoo na tetea wa silki. Ndio wale kuku ambao manyoya yao si manyoya ya kuku: ni laini, yamechambuka kama pamba, yamefunika mpaka miguu, na kichwani wana kishungi kinachowaziba macho. Ukipuliza manyoya unakuta ngozi nyeusi kama masizi. Kidole chao cha nyuma kimegawanyika, kwa hiyo kila mguu una vidole vitano. Hawaruki. Mvua ikiwanyeshea wanalowa chapa chapa kama taulo, na baridi inaweza kuwaua. Jirani mmoja alipowaona mara ya kwanza aliuliza, "Mwalimu, hawa ni kuku au mito iliyopasuka?"

Mwalimu hakucheka. Kwa miaka minane aliwazalisha kwa mpango: nani akae na nani, nani asikae na nduguye, yai la nani liwekwe chini ya nani. Hakuuza hata mmoja. Waliozidi aliwagawa kwa watu aliowahoji kwanza, kana kwamba anaozesha. Na wote aliobaki nao, jogoo mmoja na matetea kumi, walikuwa weupe pe, na majina yao yalitoka shuleni. Jogoo aliitwa Kengele. Matetea walikuwa Kiranja, Mtoro, Chaki, Kifutio, Daftari, Mtihani, Mgeni, Sufi, Mchelewa na Likizo.

Fundi hakuwachukia. Hakuwa na habari nao tu. Kwake banda lilikuwa kitu cheupe kinachosogea sogea nyuma ya nyumba. Mpaka siku Mwalimu alipoteleza akiwabebea maji, akaanguka kwa nyonga, akavunjika mfupa wa paja. Akalazwa, mguu ukafungwa kamba yenye mawe ya kuuvuta, akaambiwa asubiri upasuaji. Kutoka kitandani akampa mumewe masharti ya kuku yanayotosha kurasa mbili. Kwa siku kumi fundi alilisha, akafagia, akabadilisha maji, na kila jioni akajibu kwa neno moja: wazima.

Sasa alikuwa amesimama na maiti ya kuku mikononi.

Mmoja alimjua kwa hakika: Likizo. Huyo alikuwa kwenye sanduku lake peke yake, amelalia mayai saba, siku ya kumi na nne. Mayai yenyewe hayakuwa ya Likizo. Yalikuwa ya Chaki, tetea aliyetaga vizuri lakini hakuwahi kutulia kiotani, kwa hiyo Mwalimu aliyahamisha siku tatu kabla ya kuanguka. Basi aliyekufa si Likizo. Si jogoo. Walibaki tisa, na fundi hakuweza kumtofautisha hata mmoja na mwenzake.

Akaingia ndani, akalichukua daftari la Mwalimu kutoka kabatini. Kila kuku alikuwa na ukurasa: tarehe ya kuanguliwa, mama, baba, chanjo. Chini yake, mwandiko ule ule wa ubaoni, maelezo. Fundi akavaa miwani, akasoma kwa pupa.

*Mtihani: anakutazama kama hujasoma.*

*Kifutio: husahau alichokuwa akikifuata.*

*Sufi: huwa na huzuni, lakini asubuhi tu.*

*Chaki: huyu basi tu.*

Fundi akalifunga daftari. "Basi tu nini?" akauliza kwa sauti, jikoni peke yake.

Akampigia shemeji yake, mdogo wa Mwalimu, mshonaji mwenye maneno mengi. Alifika kabla ya chai kupoa, akamfunua marehemu kwenye gazeti, akamgeuza huku na huku.

"Shemeji, mimi nimekuja hapa miaka minane, na nakwambia kweli, kwangu wote ni mmoja. Huyu hata angekuwa mbuzi nisingejua."

"Atauliza jioni."

"Na wewe utasema wazima. Umesahau alichosema daktari? Presha yake haishuki. Wameahirisha upasuaji mara mbili. Ukampelekee na msiba?"

"Na kama ni ugonjwa? Kama ni kideri, kesho watakuwa watano, keshokutwa hakuna."

Wakamwita daktari wa mifugo.

Alikuja na pikipiki, akavua kofia, akampasua kuku palepale kwenye jiwe la kufulia. Fundi aligeuza uso. Baada ya dakika chache daktari akasema, "Si kideri. Yai lilimkwama. Tazama, ganda laini, limeshindwa kutoka. Hao wengine usiwe na wasiwasi nao, lakini waongezee chokaa kwenye chakula." Kisha akaunyanyua mguu mmoja, akauchezea. "Hawa si wana vidole vitano? Huyu mguu huu ana sita."

"Ehee," fundi aliitikia. Hakuwa amesikia. Neno "usiwe na wasiwasi" lilikuwa limemtosha, na akili yake ilikuwa imeruka tayari kwenda kwenye jambo jingine: aliyekufa alikuwa akitaga. Daftari liliwataja wanaotaga mwezi ule. Walikuwa wanne. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Chaki.

Wakamzika nyuma ya tangi la maji.

Jioni, nesi wa zamu alimzuia mlangoni mwa wodi. "Mzee, presha ya mama bado iko juu. Ukiingia humo, habari nzuri tu. Tumeelewana?"

Mwalimu alikuwa ameinuliwa kwa mito miwili, miwani puani, kamba ya mguu ikining'inia kwenye kapi. Alikuwa amepungua mashavu. "Haya," alisema kabla hajapewa hata matunda. "Kiranja?"

"Mzima."

"Mtoro hajatoka nje ya wavu?"

"Hajatoka."

"Likizo ametulia?"

"Ametulia kabisa. Hatoki ila kula."

"Chaki anataga?"

"Anataga," fundi akasema, na ili asimtazame machoni akaanza kumenya chungwa. Alilimenya vibaya, maji yakamrukia shati.

Mwalimu alimwangalia kwa muda, kisha akaendelea kuita majina. Fundi akasema wazima, wazima, wazima, kila mara haraka kuliko mara ya kwanza.

Siku zilizofuata hazikuwa siku. Fundi alifunga kibanda saa sita mchana, wateja wakasimama nje wakigonga. Mwalimu wa kwaya aliyefungiwa nje ya ofisi yake alimfuata mpaka nyumbani, akamkuta amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, katikati ya kuku, daftari magotini.

"Fundi, unaumwa?"

"Nyamaza kidogo. Yule pale anakula kwanza au anasubiri wenzake?"

Alikuwa ameamua: kama hawezi kumjua aliyekufa, atawajua walio hai, na jina litakalobaki bila kuku ndilo la marehemu. Mwanzoni ilikuwa kama kuokota punje za chumvi kwenye mchanga. Lakini mtu aliyezoea kutazama meno ya funguo macho yake hayachoki upesi. Siku ya pili alimwona mmoja akipenyeza kichwa chini ya wavu palepale alipomrudisha asubuhi, akaandika kwa penseli: Mtoro. Mwingine aliposogezwa na wenzake kutoka kwenye chakula, alirudi polepole akasimama mbele yao mpaka wakampisha: Kiranja. Yupo aliyeanza kukimbilia mdudu, akasimama njiani, akatazama huku na huku, akageuka. Fundi akacheka peke yake. "Kifutio," akasema, na kuku akamtazama kana kwamba ndiyo mara ya kwanza wanakutana.

Kicheko hakikudumu. Kila kuku aliyepata jina alimsogeza karibu na jibu asilolitaka. Usiku hakupata usingizi wa maana. Aliharibu funguo tatu ndani ya siku moja, jambo ambalo halijamtokea tangu ujana. Wodini, Mwalimu alizidi kuuliza, na yeye alizidi kutazama dirisha.

Binti yao akapiga simu. "Baba, mwambie tu. Mama si mtoto."

"Daktari kasema asishtuliwe."

"Wewe mwenyewe sauti yako inamshtua mtu. Hata mimi nikikusikia naogopa."

Alhamisi walibaki wawili hawajulikani, na majina matatu: Mtihani, Mgeni, Chaki. Na Alhamisi hiyohiyo, Mwalimu alipomaliza kuita majina, alisema, "Kesho sitaki maneno. Hapana, usingoje kesho. Una picha kwenye simu yako?"

"Picha ya nani?"

"Ya Chaki. Si unayo? Nilikuomba juzi."

Ni kweli aliomba juzi, na ni kweli fundi alikuwa amepiga picha moja asubuhi ile, ya yule aliyependeza kuliko wote, kishungi kimekaa sawa, jua limempiga ubavuni. Alikuwa amejiambia kwamba huenda ndiye. Akampa simu.

Mwalimu akaishika mbali na macho, kisha karibu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikohoa, toroli la dawa likapita na kugeuka mwisho wa ukumbi, na bado alikuwa akiitazama.

"Huyu ni Mtihani," akasema.

Fundi akageukia dirisha.

"Fundi. Nitazame." Sauti ile ilikuwa imewahi kunyamazisha madarasa ya watoto sitini. "Tangu Jumatatu hunitazami. Unamenya machungwa kama unachonga ufunguo. Niambie. Mtoto ana nini?"

"Mtoto?"

"Mtoto wangu. Mimba imeharibika? Mnanificha kwa ajili ya hii presha, sivyo? Siku nne hizi silali, nawaza, nitamuuliza nani, kila mtu anasema wazima, wazima!"

Ndipo fundi alipoelewa alichokuwa akikifanya. Siku nne mkewe alikuwa amelala pale, mguu umefungwa, akimlilia mjukuu ambaye hakuwa na neno lolote, kwa sababu ya uso wake yeye.

"Mtoto mzima! Wallahi mzima, nimeongea naye asubuhi, anakula anashiba, anakusalimia. Ni kuku. Mwalimu, ni kuku. Amekufa mmoja, Jumatatu, na mimi simjui ni yupi."

Mwalimu akashusha pumzi ndefu mpaka mito ikasogea. Akafumba macho, akaweka mkono kifuani. Fundi akainuka nusu, tayari kumwita nesi.

"Kaa," akasema bila kufumbua macho. "Kaa chini. Amekufa kwa nini?"

Akamweleza yote: alivyomkuta, kideri alichokiogopa, daktari, yai lililokwama, daftari lisilosaidia, ndoo. Akaongeza kila alichokikumbuka, kama mtu anayetoa vitu vyote mfukoni. "Na daktari akasema sijui mguu mmoja ulikuwa na vidole sita, au ndivyo nilivyosikia, mimi sikuwa..."

Akanyamaza, kwa sababu mkewe alikuwa amefumbua macho.

"Mguu wa kushoto," alisema Mwalimu.

"Haimo daftarini. Nimesoma kila ukurasa, hakuna mahali umeandika sita."

"Sikuandika. Kidole cha sita ni dosari. Wafugaji wakubwa wangesema nisimzalishe." Akavua miwani. "Nilimpenda Chaki, nikamfichia."

Kisha akalia. Hakulia kwa sauti. Aligeuza uso upande wa ukuta, kadiri kamba ilivyomruhusu, na mabega yakawa yanapanda na kushuka. Nesi akaja mbio. "Mzee! Nilikwambia nini?" Fundi akatolewa wodini kama mwizi, chungwa nusu mkononi.

Usiku ule aliamini kwamba amemuua mkewe. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alijiambia mwenyewe, tena na tena, mpaka alfajiri. Saa moja asubuhi alikuwa langoni mwa hospitali kabla ya wafagiaji. Nesi yuleyule ndiye aliyetoka, koti begani, zamu imekwisha, uso umechanganyikiwa.

"Sijui umemwambia nini," akasema. "Amelala kama mtoto. Presha imeshuka. Ikikaa hivi mpaka Jumapili, Jumatatu anaingia."

Jumatatu ilikuwa siku ya ishirini na moja ya mayai.

Mwalimu ndiye aliyehesabu, si yeye. "Mimi nitakuwa humo ndani, na wewe utakuwa kwenye benchi la nje, huwezi kukaa bandani," alisema. "Mpe kazi mdogo wangu. Mwambie asimguse Likizo. Asifungue fungue. Na hayo mayai, Fundi, ndiyo ya mwisho. Hakuna mengine ya Chaki."

Kana kwamba hajui. Tangu Alhamisi hakuwaza kingine. Alikuwa ameyamulika kwa tochi, moja moja, kama alivyoelekezwa kwa simu. Mawili yalikuwa yanapitisha mwanga, maji matupu. Matano yalikuwa na giza ndani. Katika mojawapo aliona kitu kikijongea, akakaribia kuliangusha.

Jumatatu benchi la ukumbini lilikuwa baridi na refu. Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa na kioo cha duara kilichopakwa rangi, usione ndani. Walisema upasuaji utachukua saa mbili. Zikapita saa mbili na nusu, zikapita tatu. Fundi aliinuka, akakaa, akasoma tangazo la kunawa mikono mpaka akalijua kwa moyo. Simu ikalia.

"Shemeji!" Ni mshonaji. "Yanalia!"

"Yapi yanalia?"

"Mayai! Nimeweka sikio, yanalia humo ndani! Na moja limetoboka. Nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Umesikia? Kaa kwenye ndoo, usifanye kitu."

"Nimekaa. Lakini yule mama ananiangalia vibaya."

"Likizo? Hana ubaya. Huyo huangalia kila mtu hivyo anapolalia. Mwongeleshe taratibu."

Alikata simu, na mlango ukafunguka. Daktari alishusha barakoa. Fundi hakuweza kusimama. Daktari akainama yeye. "Mzee, upasuaji umekwenda vizuri. Vyuma vimekaa. Damu haikutoka nyingi. Atalala kidogo, kisha utamwona."

Fundi alisema asante mara nne au tano. Kisha akavua kofia, akajifunika nayo uso, akakaa hivyo muda mrefu, na wapita njia wakampisha wakidhani amefiwa.

Mwalimu alipozinduka sauti ilikuwa haijamrudia vizuri. Akapapasa, akaupata mkono wa mumewe. "Wangapi?" akanong'ona.

"Watatu mpaka sasa. Moja limetoboka, anajitahidi. La tano bado."

Yule wa nne alitoka jioni. La tano halikuanguliwa. Fundi alipofika nyumbani aliwatoa vifaranga chini ya Likizo, huku akidonolewa kwenye kifundo, akawahesabu vidole mmoja mmoja kwenye mwanga wa dirisha. Vitano, vitano, vitano, vitano. Alipompa Mwalimu habari hiyo kesho yake, yeye alisema, "Afadhali." Alilisema kama mtu aliyeambiwa mvua haitanyesha ilhali alikuwa ameshafua shuka zote na kuzianua.

Mwalimu alirudi nyumbani wiki ya tatu baada ya upasuaji, na fremu ya kutembelea. Hakutaka kuingia ndani kwanza. Alizunguka nyumba hatua kwa hatua, fundi nyuma yake na mikono imenyooshwa hewani, asimguse lakini tayari kumdaka. Fundi alikuwa bado na hofu ya kila jiwe. Alikuwa ameifagia njia ile mara mbili, akaondoa bomba la maji, akaziba shimo kwa saruji.

Mwalimu akasimama mbele ya wavu, akashusha pumzi. Vifaranga wanne walikuwa wameanza kuota vishungi. Likizo aliwaongoza kwa makelele.

"Mmewapa majina?"

"Tulikungoja."

"Huyu mdogo mpe wewe."

Fundi hakuwa ametarajia. Alifikiri mpaka Mwalimu akageuka kumtazama. "Daktari," akasema mwishowe. "Amefanya kazi."

"Daktari wa mifugo au wa watu?"

"Wote wawili."

Mwalimu akacheka, mara ya kwanza tangu aanguke, kisha akaguna kwa maumivu na kushika nyonga. Fundi akaruka. "Sina kitu," akasema mkewe. "Acha kuruka ruka, utaniangusha wewe." Akawageukia wakubwa, akaanza kuwataja kwa kidole. "Kiranja. Kifutio. Daftari, umenenepa wewe. Mtoro. Mgeni yule kule..."

"Huyo si Mgeni," fundi alisema. "Ni Sufi."

"Sufi?"

"Mgeni yuko nyuma ya Kengele. Huyo ni Sufi. Ungekuja asubuhi ungemjua, anasimama pale pembeni mpaka saa tatu, hataki mtu."

Mwalimu akakunja uso. Akaegemea fremu, akainama kidogo kadiri vyuma vilivyomruhusu, akamtazama yule kuku muda mrefu, kichwa upande. Kuku naye akamtazama. Fundi akangoja, mkono mmoja umeshika kiuno cha shati la mkewe kwa nyuma, bila yeye kujua.

"Kishungi kimeongezeka," Mwalimu akasema polepole. "Labda."

"Si labda."

"Nitamtazama tena kesho asubuhi," akasema. "Nishike mkono, twende ndani. Taratibu."